Kuomba Kazi kwa Mawakili wa Kampala

Wewe uliyepata shahada ya sheria Makerere kisha stashahada ya Law Development Centre, kumbuka kwamba wengi wanaoomba kazi kwenye ofisi za mawakili Nakasero na Kololo wana vyeti hivyo hivyo. Barua yako ieleze kazi uliyoifanya wakati wa mafunzo ya vitendo: uliandaa hati ya madai ya mgogoro wa kiwanja, ukafuatilia jalada masjala ya mahakama, ukamsikiliza mteja. Majina ya wateja usiyataje kamwe. Siri ya mteja huanza kulindwa hapo hapo, na wakili anayeisoma barua yako ataliona hilo.

Kabla ya usaili, ingia tovuti ya ULII, ambako hukumu za mahakama za Uganda husomwa bure. Tafuta kesi iliyoendeshwa na ofisi hiyo, uisome hadi mwisho, ujue hoja ipi ilishinda na kwa nini. Ukiulizwa sheria usiyoifahamu, sema utaanza kuitafuta wapi. Kubahatisha mbele ya wakili ni hatari. Na ile barua ya maombi, tafadhali sana, mpe mwenzako aipitie kabla hujaituma.