MASHAURI JUU YA KANGA WA PORI

Wazee, wamama, na ninyi vijana mnaouza nyama katika miji ya madini, leo nasema nanyi juu ya kanga.

Zamani kanga walilia karibu na kijiji. Leo mwindaji aenda mbali kuwatafuta. Sababu gani? Miti imekatwa kwa makala ya kupelekwa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi. Waya zimetegwa katika njia za maji. Mayai yameokotwa. Moto umechoma majani.

Sasa jueni desturi yake. Wakati wa jua kanga hukaa kundi moja, hulala juu ya miti. Mvua ikianza, kundi laachana, dume na jike wawili wawili. Jike afanya shimo dogo chini ya majani marefu, ataga mayai 6 hata 12, pengine kupita. Ayalalia karibu siku 27. Vifaranga wengi hufa kwa baridi na maji ya mvua. Basi, ukiua jike wakati ule, hukuua ndege mmoja tu. Umeua na watoto wake wote.

Mwasema: kanga afukua mahindi tuliyopanda. Ni kweli. Wekeni watoto shambani wamfukuze, hata mahindi yaote. Lakini kanga ala pia panzi, mchwa na mbegu za majani mabaya.

Fanyeni hivi:

1. Tangu mwezi wa 11 hata mwezi wa 4, msiue kanga, msiokote mayai.

2. Ondoeni waya kando ya maji. Waya haichagui dume ao jike.

3. Msichome pori mwezi wa 9 na wa 10; moto wa wakati ule ni mkali. Mkitaka kuchoma, chomeni mwezi wa 5 ao wa 6, vipande vipande, na majani ya kando ya mto yabaki.

4. Msikate miti wanapolala.

5. Mwenye kutaka nyama ya kuuza, afuge kanga wa nyumbani. Kuku atalalia mayai yao vizuri.

Tena uwindaji una sheria yake, ya tarehe 28 Mei 1982. Ulizeni kwanza, ndipo muende.

Watu wa pwani husema: Kanga hazai ugenini. Pori letu lisiwe ugeni kwake. Mfumu na wazee wazungumze na kijiji cha pili, maana kanga hajui mpaka.