Maji ya Tabora Yaenda Wapi?

(Mazungumzo yaliyosomwa mbele ya wanachama, Tabora)



Katika mkutano uliopita ndugu yetu mmoja alisimama akanena kuwa kila tone la mvua linaloanguka katika nchi ya Unyamwezi ni la Mto Nili, na kwamba Misri ina neno juu yake. Wengi wenu mliitikia. Sisi tunaosema mbele yenu jioni hii tulikuwa na shaka, lakini tulinyamaza, na kunyamaza kwetu kulikuwa na sababu ya aibu: maneno yale yale tulikuwa tumekwisha kuyatumia wenyewe kazini.

Habari ilikuwa hivi. Alikuja mzee mmoja, mkulima wa bonde la Igombe, akataka kujua afuate njia gani apate ruhusa ya kuchimba lambo la kunyweshea ng'ombe zake. Tulimwamkia, tukampa kiti, kisha tukamjibu kwa kujiamini kama desturi ya makarani: "Mzee, ngoja kwanza. Maji haya ni ya Nili, tena yana mikataba ya mataifa." Akatushukuru, akachukua fimbo yake, akaenda zake. Masika yote yakapita naye yungali akingoja.

Baadaye tulikaa na ramani, tukafuata mto kwa kidole. Ndipo tulipojua ya kuwa tulimpoteza mzee wa watu. Basi tumeomba nafasi hii tueleze kosa letu, kwa kuwa twaona si letu peke yetu.

Mvua inyeshayo juu ya mji wa Tabora haiendi Misri hata kidogo. Wala haiendi Bagamoyo, ingawa njia ya misafara ilitoka huko na wengi hudhani maji nayo hufuata njia ya watu. Upande wa kaskazini wa mji maji hushuka mto Igombe. Upande wa kusini hushuka Wala hata Ugalla. Mito hii yote hukutana na Malagarasi, nao Malagarasi huingia Ziwa Tanganyika kusini ya Kigoma. Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutokea, nao ni mto Lukuga, ulio ng'ambo ya pili penye mji wa Kalemie. Lukuga huingia Lualaba. Lualaba, ukiisha kupita maporomoko ya Boyoma penye Kisangani, huitwa Kongo. Na Kongo humwagika katika Bahari ya Atlantiki. Kwa hiyo sisi wa Tabora tu watu wa bonde la Kongo, tukipenda tusipende.

Ndugu yetu aliyesema Nili hakuwa mbali sana na kweli, tumtendee haki. Apandaye gari la moshi hapa kwenda Mwanza huvuka mabonde matatu bila kujua. Huondoka katika bonde la Kongo. Kisha, katika nchi ya Shinyanga, huingia katika maji ya Manonga, ambayo huenda mbuga za Wembere na kuelekea Ziwa Eyasi, yasione bahari yo yote. Na akikaribia Mwanza ndipo aingiapo katika bonde la Nili. Hakuna mlima wa kumwonyesha mpaka. Nchi ni tambarare, yenye miombo na mawe, na mgongo unaogawa maji ya mito mikubwa miwili ya Afrika hauonekani kwa macho ya abiria. Ndiyo maana ni rahisi kukosea.

Na kosa lenyewe lina umri mkubwa, tena lilipita hapa hapa kwetu. Katika mwaka 1856 ilichapwa Ulaya ramani iliyotengenezwa na wamisionari Erhardt na Rebmann kwa habari walizozipata kwa wasafiri wa pwani. Ndani yake palichorwa ziwa moja kubwa mno, mfano wa konokono. Burton na Speke walipofika Kazeh, yaani Tabora hii, mwezi wa Novemba 1857, Snay bin Amir aliwapokea akawaambia ya kuwa ziwa lile moja ni maziwa matatu mbalimbali. Twapenda mlishike jambo hili. Elimu ya jiografia ambayo wakubwa wa London walikuwa wakiitafuta kwa fedha nyingi, mfanyabiashara wa Tabora alikuwa nayo barazani kwake, naye aliipata kwa wapagazi na wachukuzi wa pembe waliozikanyaga nchi hizo kwa miguu yao.

Mwaka 1858 Burton na Speke walifika Tanganyika. Neno waliloliulizia sana lilikuwa Rusizi, mto wa kaskazini ya ziwa: je, watoka ziwani au waingia? Maana ukitoka, Tanganyika ni mama wa Nili. Speke alivuka ziwa akamwuliza Hamed bin Sulayyim, akarudi na furaha kuwa watoka. Hata walipofika Uvira wenyeji wakawaambia, la, waingia. Ndipo Sidi Mubarak Bombay, mkalimani wao, aliposema kuwa maneno ya Hamed hayakufahamika vema, kwani naye alikuwa amesema waingia. Neno moja likakosewa kufasiriwa, na mto mzima ukageuzwa. Sisi tunaofanya kazi ya kufasiri barua na maneno ya mashauri tusicheke.

Baada ya hayo Burton alipumzika Kazeh, naye Speke akaenda kaskazini, akaliona ziwa kuu la Nyanza mwezi wa Agosti 1858, akasema hiki ndicho chanzo cha Nili. Alisema kweli, ila hakuwa na ushahidi wa kutosha, na mwenzake hakumwamini. Waligombana miaka. Rusizi ulikuja kuonekana kwa macho mwezi wa Novemba 1871, Livingstone na Stanley walipopiga makasia hata kaskazini ya ziwa, wakaona maji yaingia, kama watu wa Uvira walivyosema miaka kumi na mitatu nyuma.

Lakini Livingstone hakupona ugonjwa wa Nili. Mwaka huo huo alikuwa amesimama Nyangwe akiutazama Lualaba, mto mpana uelekeao kaskazini, akaamini kuwa ndio Nili yenyewe. Akakaa Kwihara, katika tembe ambalo wengi wenu mmelizuru, akingoja wapagazi hata Agosti 1872. Kisha akaondoka kutafuta chemchemi za mto huo kusini. Huko akafa, tarehe 1 Mei 1873, katika nchi iitwayo sasa Zambia. Susi na Chuma na wenzao wakaubeba mwili wake. Walipofika hapa Tabora mwezi wa Oktoba walimkuta Cameron, naye akawashauri wamzike papa hapa. Wakakataa. Wakaendelea hata Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Tumesikia watu wakieleza safari ile kama uaminifu wa watumishi tu. Sisi twaona palikuwa na shauri pia, na walioamua ni wao.

Aliyeanza kulivunja kosa ni Cameron huyo. Mwaka 1874 aliukuta Lukuga ukitoka ziwani. Kisha akaenda Nyangwe akapima kimo cha nchi, akaona Lualaba pale uko chini kuliko Nili ulivyo Gondokoro. Maji hayapandi mlima. Basi Lualaba hauwezi kuwa Nili. Stanley ndiye aliyeufuata mto wenyewe, akafika Boma karibu na Atlantiki mwezi wa Agosti 1877. Alipoanza safari alikuwa na kundi kubwa la watu, na waliofika naye Boma hawakuzidi 120 sana, wengine wakiwa wamekufa, wengine wametoroka au kuachwa njiani. Tippu Tip, ambaye baba yake alikaa Tabora na kuoa katika nyumba ya Mtemi Fundikira, aliwasindikiza kipande cha njia, kisha akarudi.

Pana jambo la kuchekesha kidogo hapa. Maporomoko yaliyo kati ya Kinshasa na Matadi yalipewa jina la Livingstone, mtu ambaye hakuyaona kamwe, na ambaye mto ule aliudhania mwingine.

Sasa tuseme juu ya ukubwa, maana hapo nako pana dhana potofu. Watu husema Nili ndio mto mkubwa wa Afrika. Kwa urefu ni kweli: Nili ni kama kilomita 6,650, na Kongo ni kama 4,700. Lakini urefu si maji. Kongo humwaga baharini, kwa wastani, mita za ujazo kama 41,000 katika kila sekunde moja. Nili, kwa hesabu za zamani kabla haujazuiliwa sana, ulikuwa na kama 2,800. Katika dunia nzima ni Amazon peke yake uushindao Kongo kwa wingi wa maji. Tena hakuna mto uliopimwa ukaonekana wenye kina kama chake, maana mahali pengine karibu na mwisho wake hupita mita 220. Nao hukata mstari wa Ikweta mara mbili, hata sehemu moja ikiwa kiangazi nyingine huwa masika. Kwa hiyo haupungui sana wala kufurika sana kama mito yetu. Igombe wetu huisha kabisa wakati wa kiangazi ukabaki madimbwi.

Lakini tusijivune kupita kiasi. Tuliposema mvua ya Tabora huenda Atlantiki, tulisema njia yake, hatukusema yafika mengi. Maji ya Malagarasi hutanda kwanza katika mabwawa ya Moyowosi, nchi ya majani na ndege ambayo mwaka 2000 iliandikwa katika orodha ya Ramsar, ya kwanza katika Tanzania. Yaliyosalia huingia Tanganyika, ziwa lenye kina cha mita 1,470, na sehemu kubwa sana ya maji ya ziwa hilo huchukuliwa na jua. Lukuga hupewa kidogo tu. Stanley alipoutazama mwaka 1876 aliukuta umezibwa na majani hata hautiririki, akadhani Cameron amekosea. Miaka michache baadaye, ziwa lilipopanda, kizibo kikavunjika na mto ukaenda kwa nguvu. Wote wawili walisema waliyoyaona.

Ushahidi mwingine hutolewa na samaki. Katika Malagarasi wamo samaki ambao ndugu zao hukaa mto Kongo, wala hawaenei katika ziwa lililo katikati. Yumo hata bunju wa maji baridi, jamaa wa yule bunju wa pwani ambaye watu wa Tanga na Mombasa huogopa kumla. Alipitaje? Wataalamu husema kuwa Malagarasi ni mzee kuliko ziwa: zamani za kale sana ulitiririka moja kwa moja hata Kongo, ndipo ardhi ikapasuka, bonde la ufa likajaa maji, na mto ukakatwa vipande viwili. Samaki wakabaki huku na huku.

Twaja kwenye jambo la mwisho, ambalo ndilo lililotuchanganya. Zamani mji huu ulikunywa maji ya mabwawa ya Igombe na Kazima. Tangu mwaka 2021 twaletewa kwa mabomba maji ya Ziwa Nyanza, yaani Ziwa Viktoria. Maji hayo ni ya Nili kweli kweli. Kwa hiyo leo karani wa Tabora hunywa Nili asubuhi, na maji aliyonawia yakipata mtaro hushuka upande wa Kongo. Aliyesikia mara nyingi habari za bomba la Nyanza huweza kudhani nchi nzima imehamia bonde jingine. Nchi haihami kwa bomba.

Na ile mikataba? Mapatano ya mwaka 1929 yalifanywa kwa barua kati ya Uingereza na Misri, nayo yalizuia kazi katika Nili na matawi yake na maziwa yanayoulisha, pasipo ridhaa ya Misri. Serikali ya Tanganyika ilikataa kufungwa nayo mwaka 1962. Mwaka 2010 Tanzania ilitia sahihi mapatano mapya ya nchi za bonde la Nili, nayo yalianza kuwa na nguvu Oktoba 2024, ijapokuwa Misri na Sudan hazikuyakubali. Lakini hata mtu angeyasoma yale ya 1929 kwa ukali wote, asingeona Igombe ndani yake, kwa kuwa Igombe si tawi la Nili. Lambo la mzee yule halikuhusu Misri. Lilihusu Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika, ambayo hutoa vibali vya kutumia maji ya upande wetu, na jina lake peke yake lingalitosha kutufumbua macho.

Juma lililopita tulimfuata mzee nyumbani kwake. Tulimwambia waziwazi kuwa tulikosa. Hakukasirika. Aliuliza tu maji ya Igombe yaenda wapi, basi, kama hayaendi Misri. Tukamtajia Malagarasi. Akasema, "Hilo nalijua. Babu yangu alichukua mizigo hata Ujiji, alivuka Malagarasi penye chumvi ya Uvinza, akasema ndiyo maji ya kwetu." Tukamjazia fomu yake pale pale, akatia dole gumba.

Bwana Mwenyekiti, tumekwisha. Aliye na swali na aulize. Ramani tumeitundika ukutani nyuma ya meza ya katibu.