Damu ya Uongo: Wajibu wa Kupima Uvumi

Hotuba ya Ijumaa kwa waumini wa Mkula na wasikilizaji wa Bonde la Kilombero

HOTUBA YA KWANZA

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, Mwenye kuyajua ya siri na ya dhahiri. Tunamshukuru, tunamwomba msaada, na kwake tunajikinga na shari ya nafsi zetu na ubaya wa ndimi zetu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, pamoja na jamaa zake na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo, enyi waja wa Mwenyezi Mungu, tunausiana sisi kwa sisi kumcha Yeye, kwani ucha Mungu ndio akiba isiyooza.

Ndugu Waislamu, leo twataka kuzungumza juu ya maneno yanayotembea miongoni mwetu, ya kwamba wako watu wenye njama za siri dhidi yetu. Zamani maneno hayo yalipita kisimani na sokoni. Siku hizi yanapita pia katika simu, na kabla jua halijatua yamekwisha fika Kidatu na Ifakara. Husemwa kwamba watu wapitao usiku na tochi na chupa ndogo ni mumiani, wanaotafuta damu. Husemwa kwamba dawa iliyotiwa katika chandarua imekusudiwa kukata uzazi wetu. Husemwa kwamba chanjo fulani ina jambo lililofichwa ndani yake. Je, Mwislamu anaposikia maneno ya namna hii afanye nini? Ayaamini yote? Ayacheke yote? Au iko njia ya tatu?

Tuanze kwa kukiri ukweli: njama zipo duniani. Kurani Tukufu yenyewe inatusimulia njama ya ndugu zake Nabii Yusuf, amani iwe juu yake. Watu wa nyumba moja walikaa faraghani wakapatana, wakamtupa mdogo wao kisimani, kisha wakamwendea baba yao jioni hali wanalia, wakamwonyesha kanzu iliyopakwa damu ya uongo. Basi mtu asituambie kwamba kila anayeshuku njama ni mpumbavu. Lakini tazameni alivyofanya mzee Yaakub. Hakuhadaika na machozi yao. Wafasiri wanatueleza kwamba aliitazama kanzu, akaiona ina damu lakini haikuraruka; akashangaa mbwa mwitu gani huyu amlaye mtoto na kuihurumia nguo yake. Na baadaye, Yusuf aliposingiziwa katika nyumba ya bwana wake, shahidi wa nyumba ile hakupima ukubwa wa kelele. Alisema itazamwe kanzu, imepasuka mbele au nyuma. Mara mbili katika kisa kimoja, ukweli ulijulikana kwa kutazama ushahidi. Huo ndio mwongozo wetu.

Hata katika zama zetu ziko njama zilizothibitika. Huko Marekani, katika jimbo la Alabama, kuanzia mwaka 1932 hadi 1972, watumishi wa afya wa serikali waliwafuatilia watu weusi wapatao 600, ambao 399 kati yao walikuwa na ugonjwa wa kaswende. Wagonjwa hawakuelezwa ukweli, wala hawakupewa penisilini hata baada ya kujulikana kuwa inaponya. Mwaka 1997 Rais wa nchi hiyo aliomba radhi. Hapa kwetu Tanzania, ukaguzi wa Akaunti ya Madeni ya Nje katika Benki Kuu, iliyojulikana kwa jina la EPA, ulionyesha kwamba mnamo mwaka wa fedha 2005/06 zaidi ya shilingi bilioni 133 zililipwa kwa makampuni 22 pasipo halali. Mambo haya yalikuwa siri, nayo yalikuwa kweli.

Lakini, ndugu zangu, ulizeni yalijulikanaje. Jambo la Alabama lilijulikana kwa sababu mtumishi mmoja wa idara ile ile alisema, magazeti yakaandika, na maandishi ya kazi yenyewe yakatolewa hadharani. Jambo la EPA lilijulikana kwa vitabu vya hesabu, kwa majina ya makampuni na hundi zilizolipwa. Hakuna kati ya hayo lililothibitishwa kwa kumpiga mawe mpita njia.

Sasa tuurudie uvumi wetu wa mumiani. Neno lenyewe ni la kale. Kamusi za Kiswahili za karne ya 19 zimelitaja kuwa jina la dawa. Wakati wa ukoloni uvumi ulienea pwani na bara kwamba wazima moto na watumishi wa serikali huwakamata watu usiku na kuwatoa damu, na mwaka 1947 kundi la watu lilikishambulia kituo cha wazima moto huko Mombasa. Tusiwadharau wazee wetu kwa kuogopa. Bonde hili liliionja vita ya Maji Maji ya mwaka 1905 hadi 1907, ambamo majeshi ya Wajerumani yalichoma mazao na maghala hata njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Mtu aliyenyang'anywa chakula, kodi na nguvu za mikono yake si ajabu akidhani kwamba hata damu yake inatakiwa. Hofu ile ilikuwa na sababu. Lakini kuwa na sababu ya kuogopa ni jambo moja, na kuwa na ushahidi juu ya mtu huyu aliye mbele yako ni jambo jingine. Tukiyachanganya mawili hayo, tutamhukumu mtu wa leo kwa kosa la mtu wa jana.

Na matokeo yake tumeyaona. Tarehe 1 Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino, mkoa wa Dodoma, walifika watafiti wawili wa kituo cha kilimo cha Selian, Arusha, pamoja na dereva wao. Walikwenda kuchukua udongo ili upimwe kwa faida ya wakulima. Ikapigwa kelele kwamba ni mumiani. Watu wakakusanyika na silaha, na kabla ya jua kutua roho tatu zilikuwa zimetoka, na miili na gari vimechomwa moto. Damu iliyotafutwa kwa wageni wale haikuonekana. Damu iliyomwagika ilikuwa yao wenyewe. Na Mola wetu ametufundisha kwamba anayeiua nafsi moja isiyo na hatia ni kama aliyewaua watu wote.

Basi tujiulize, maneno hupimwaje? Dini yetu haikutuacha gizani. Maulamaa wa hadithi walipoletewa habari walianza kwa kuuliza: umeisikia kwa nani, naye aliisikia kwa nani? Imamu Bukhari, aliyefariki mwaka 870 wa Miladi, alisafiri nchi nyingi akiupima mnyororo wa wasimulizi, akiacha habari nyingi sana kwa sababu ya pingili moja iliyolegea. Ikiwa maneno yanayonasibishwa kwa Mtume yalipimwa hivyo, je, maneno ya kumwua jirani yasipimwe? Kwa hiyo tunapendekeza maswali manne.

Swali la kwanza: nani aliyeona? Mara nyingi ukimwuliza msemaji atakuambia kwamba ameambiwa na shemeji, shemeji ameambiwa na abiria, na abiria hajulikani. Marehemu ni nani, alizikwa wapi, nani aliyemwosha? Kifo kina jina na kaburi. Uvumi hauna.

Swali la pili: je, jambo lenyewe lawezekana? Mwili wa mtu mzima una damu kiasi cha lita tano. Damu ikitoka mwilini huganda kwa muda wa dakika chache, jambo ambalo kila aliyechinja mbuzi amelishuhudia. Ili imfae mgonjwa, hapana budi ichanganywe mara moja na dawa ya kuzuia kuganda, itiwe katika mfuko safi, iwekwe katika ubaridi, na ipimwe kundi lake na maradhi yake; na hata hivyo haitunziki katika jokofu kwa zaidi ya majuma sita hivi. Damu iliyokingwa gizani kwa ndoo haina mnunuzi mwenye akili. Naye apimaye malaria hutaka tone moja au mawili kutoka katika kidole.

Swali la tatu: ni wangapi wangelazimika kuinyamazia siri hiyo? Kazi ya utafiti wa maradhi imekuwapo Ifakara tangu mwaka 1957, ilipojengwa maabara na wataalamu wa Kiswisi. Leo ni Taasisi ya Afya Ifakara, na wengi waifanyao kazi ni Watanzania, wakiwamo watoto wa bonde hili hili. Wauguzi, madereva, wapishi, walinzi, wote wana mama na shangazi vijijini. Siri ya watu wawili ni ngumu kufichika. Itakuwaje siri ya maelfu, kwa miaka zaidi ya sitini?

Swali la nne: ni jambo gani likionekana, tutakubali kwamba uvumi si kweli? Mtu akikujibu kwamba hakuna, na kwamba kila anayekanusha naye ni mmoja wa wale wabaya, basi jua kwamba huyo hakuletei habari; amekuletea mtego usio na mlango wa kutokea.

Tuchukue mfano wa chandarua. Katika wilaya za Kilombero na Ulanga vyandarua vyenye dawa vilianza kuenezwa kwa mpango maalumu mwaka 1997. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 ulionyesha kwamba, miongoni mwa watoto wadogo waliovitumia, uwezekano wa kuendelea kuishi ulikuwa umeongezeka kwa asilimia 27. Kama dawa ile ingekata uzazi, tungeona dalili katika bonde hili kabla ya mahali pengi. Watoto waliolala ndani ya vyandarua vile leo ni watu wazima, na wengi wao wamekwisha kuwa baba na mama. Uvumi ule ungekuwa kweli, watoto wao hawa wangetoka wapi?

Twasema haya, na tunamwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwa ajili yetu na kwa ajili yenu. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe.

HOTUBA YA PILI

Sifa njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wake mwaminifu.

Enyi ndugu zetu, Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Sura ya Al-Hujurat kwamba, akitujia mtu asiyeaminika na habari, tuihakikishe, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua, kisha tukabaki na majuto. Na Mtume wetu ametufundisha kwamba yatosha mtu kuhesabiwa mwongo kwa kusimulia kila asikialo. Wakumbukeni waliomzulia Mama wa Waumini Bibi Aisha. Uvumi ule uliutikisa mji wa Madina kwa muda wa mwezi mzima, na Mola wetu akawalaumu waumini kwa kuwa hawakudhania mema na kusema kwamba ni uzushi mara waliposikia.

Mkumbukeni pia Nabii Suleiman na ndege hudihudi. Ndege alileta habari ngeni ya malkia wa Saba. Suleiman hakumwita mwongo, wala hakuondoka na jeshi. Alimwambia kwamba tutatazama, kisha akampa barua aipeleke. Hiyo ndiyo njia ya tatu tuliyoiulizia mwanzo: kuahirisha hukumu mpaka habari ithibitike.

Sasa yatupasa kutenda. Majaruba yetu ya mpunga hapa Mkula, chini ya milima ya Udzungwa, yanatupa chakula, nayo pia yanazaa mbu. Kwa hiyo wapima mbu wataendelea kuja, na wengine hufanya kazi usiku kwa sababu ndio wakati mbu wanapouma. Mgeni akionekana, aulizwe kwa heshima, apelekwe ofisi ya kijiji, barua yake ya utambulisho isomwe. Mwenye wasiwasi aende kwa mwenyekiti au kituo cha polisi. Kipaza sauti cha msikiti kiite watu kwenye sala, mazishi na maafa ya kweli. Kisiite watu kumkimbiza mtu. Na simu iliyo mkononi mwako nayo ni kipaza sauti. Utaulizwa juu yake kama utakavyoulizwa juu ya ulimi.

Nao wageni wana wajibu wao. Atakaye damu ya watu, hata tone moja, aje mchana kwanza, aeleze kwa Kiswahili kinachoeleweka ni ya nini, itapelekwa wapi, na majibu yataletwa lini. Utafiti wa afya nchini hauna budi upate kibali cha maadili, na mtu ana haki ya kuuliza na ya kukataa pasipo kunyimwa matibabu. Mtafiti anayekuja kimya kimya na kuondoka kimya kimya anauachia uvumi nafasi ya kusema kwa niaba yake. Kuuliza si ujinga, na kuulizwa si tusi.

Ewe Mola wetu, utuonyeshe kweli kuwa ni kweli, utujaalie kuifuata. Na utuonyeshe uongo kuwa ni uongo, utujaalie kuuepuka. Zihifadhi ndimi zetu na uzulishi, na mikono yetu na damu isiyo na hatia. Warehemu waliouawa kwa dhana, uwafariji wajane na mayatima wao. Wape afya watoto wa bonde hili, na amani mwenyeji na mgeni. Amin.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, nyosheni safu tuswali.