Punda wa Msamaria

Wapendwa Mapadri, Masista, nanyi ndugu wakristu wa Mangobo,

Katika Evanjili ya Luka, Msamaria alimfunga majeruhi vidonda, kisha akampandisha juu ya punda wake. Mafuta na divai peke yake havikutosha. Ilihitajika pia miguu ya kumfikisha.

Mwaka 2017, Ebola ilipotokea Likati, katika Bas-Uélé, kaskazini ya mji wetu, njia za pori zilikuwa mbaya sana kwa motokari. Waganga walifika kwa helikopta na pikipiki. Watu 8 waliugua, 4 wakafariki. Tarehe 2 Julai ugonjwa ukatangazwa kwisha.

Basi, tunapotoa sadaka ya dawa, tukumbuke vilevile magurudumu, esanse na fundi. Dawa iliyobaki njiani haiponyi mtu.

Mungu awabariki.