"Refugee" na "displaced": mkimbizi ni yupi?



Leo tunazungumza juu ya maneno mawili ya Kiingereza yanayokuja katika karatasi za mashirika: "refugee" na "displaced". Hapa Lusenda yote mawili tunayaita "mkimbizi". Nyumbani hilo si kosa, maana aliyekimbia amekimbia. Lakini katika sheria, maneno hayo yanaachana mpakani.

"Refugee" amevuka mpaka wa nchi yake. Mkataba wa Geneva wa 1951 unamlinda mwenye hofu ya kuteswa kwa ajili ya asili yake, dini, uraia, kundi lake au mawazo yake ya siasa. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969 uliongeza wanaokimbia vita na fujo. Ndugu zetu Warundi, waliopokelewa kambini hapa tangu 2015, wako upande huo.

"Displaced", tunayemwita pia deplase, amekimbia vilevile, ila yumo ndani ya nchi yake. Bado ni raia. Mkataba wa Kampala wa 2009 unasema jukumu la kwanza juu yake ni la serikali yake.

Mtu mmoja anaweza kupitia majina yote mawili. Watu wa Fizi waliovuka ziwa mwaka 1996 walikuwa "refugee" kule Nyarugusu, Tanzania. Waliporudi Baraka jina hilo likaisha. Waliokimbia tena, kutoka milimani kushuka kando ya ziwa, wakawa "displaced". Na Februari 2025 maelfu ya Wakongo walivuka Rusizi, wakawa "refugee" Burundi, nchi ambayo watu wake sisi tunawapokea.

Hatari iko katika matangazo. Likitangazwa tu "msaada wa wakimbizi", mama aliyeshuka kutoka milimani atapanga mstari tangu asubuhi, kisha ataambiwa jina lake halimo. Atarudi na uchungu juu ya jirani yake Mrundi, ambaye hakuandika orodha. Kesho watakutana kisimani.

Kwa hiyo tunaomba machifu, wachungaji, redio na sisi wa mashirika tuseme wazi: "wakimbizi kutoka Burundi" au "wakimbizi wa ndani", tena kabla ya siku ya ugawaji. Na kwa wanaotayarisha miradi: mpaka unaonyesha nani anawajibika kumlinda mtu. Hauonyeshi nani ana njaa zaidi.