Kupima Nafuu Yenye Maana kwa Wagonjwa wa Kiungo cha Taya: Kimemi na Beni

Ugonjwa wa kiungo cha taya, kile kilicho mbele kidogo ya sikio, huleta maumivu, mlio wakati wa kutafuna na kinywa kisichofunguka vizuri. Maumivu hayo hupanda na kushuka yenyewe, na mgonjwa huja kwa muganga siku yanapomzidi. Akirudi baada ya wiki kadhaa, mara nyingi ana afadhali hata kama dawa haikufanya lolote. Kwa hiyo, namba iliyopungua haitoshi kuitwa nafuu.

Kinywa hupimwa kwa rula, kutoka ncha ya jino la mbele la juu hadi la chini. Utaratibu wa uchunguzi uliotolewa kimataifa mwaka 2014 unataka mgonjwa afungue kwanza hadi pale pasipouma, kisha hadi mwisho hata kama panauma. Watu wazima wengi hufikia milimita 40 au zaidi. Lakini rula ikiinama, au mpimaji akiwa mwingine, milimita 2 au 3 hupotea. Aliyetoka 31 hadi 33 hajaonyesha kitu. Aliyetoka 25 hadi 38 amebadilika kweli.

Maumivu hutajwa kwa alama 0 hadi 10. Farrar na wenzake, mwaka 2001, walichunguza wagonjwa wa maumivu sugu ya aina nyingi, wakaona kwamba kushuka kwa alama 2 hivi, au 30%, kunalingana na nafuu ambayo wagonjwa wenyewe waliiona kubwa. Asilimia ni bora kuliko alama tupu: kutoka 4 hadi 2 ni nusu nzima, kutoka 9 hadi 7 hakufiki robo.

Kigumu zaidi ni kupima kazi ya taya. Dodoso la Ohrbach na wenzake la mwaka 2008 huuliza juu ya mkate mgumu, kuku na tufaha zima. Kule Kimemi, sehemu ya mji wa Butembo mashariki mwa Kongo, taya hujaribiwa na mihindi ya kuchoma na muwa, na mama anayezungumza Kinande nyumbani huulizwa kwa karatasi ya Kifaransa inayotafsiriwa papo hapo na muuguzi. Kila muuguzi akitafsiri kivyake, swali la leo si swali la mwezi ujao. Maneno yaandikwe, yajaribiwe kwa wagonjwa, ndipo alama zilinganishwe.

Kisha kuna barabara. Kati ya miji ya Beni na Butembo usalama hukatika, na wagonjwa wengi hawarudi. Kuhesabu waliorudi pekee hupotosha matokeo, kwani huenda waliokosekana wamepona, au wamezidiwa. Simu husaidia: mgonjwa hutaja alama ya maumivu, husema kama ameridhika na mabadiliko, na hujaribu kuingiza vidole vyake vitatu, vikiwa vimepangwa wima, kati ya meno ya mbele. Anayeingiza vitatu ana ufunguzi unaokaribia wa kawaida. Anayeishia kimoja anahitaji kuletwa.