Dau la Uongo na Picha ya Uongo katika Minada ya Sarafu

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanajumuiya baada ya sala ya Alasiri)



Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume Wake s.a.w., tunapenda kuwaeleza kwamba hotuba hii imetokana na barua. Kijana mmoja wa jumuiya yetu, ambaye anaishi Uingereza, alipewa na marehemu babu yake kopo la sarafu kongwe. Ndani yake zilikuwamo heller za enzi ya utawala wa Wajerumani, pesa za shaba za Sayyid Barghash wa Zanzibar zenye mwaka 1299 wa Hijria, na rupia kadhaa za fedha. Akaziuza moja moja kwa mnada wa intaneti. Binamu yake aliyeko Dar es Salaam akamsaidia kwa mambo mawili: alizirembesha picha za sarafu kwa kompyuta, na kila dau lilipolala aliingia kwa jina jingine akalipandisha. Sarafu zote zikauzwa, na fedha zikapokelewa.

Kisha moyo wa kijana ukaingiwa na wasiwasi, akatuandikia hivi: “Hatukumwambia mtu neno la uongo, wala hatukumlazimisha mtu kununua. Je, fedha hizi ni halali?”

Swali hili si la mtu mmoja. Vijana wetu wengi leo huuza simu, nguo na magari kwa njia hiyo hiyo ya picha na jina lisiloonekana uso. Kwa hiyo tumeona tulijibu mbele ya jumuiya nzima.

MNADA SI HARAMU

Kwanza ifahamike kwamba mnada wenyewe hauna kosa. Imepokewa na Anas bin Malik r.a. kwamba mtu mmoja wa Ansari alimwendea Mtume s.a.w. kuomba msaada. Mtume s.a.w. akamwuliza kama nyumbani kwake hamna kitu chochote. Akasema lipo tandiko na bakuli la kunywea maji. Vikaletwa, na Mtume s.a.w. mwenyewe akavinadi mbele ya watu. Mmoja akataja dirhamu moja, Mtume s.a.w. akauliza nani ataongeza, na mwingine akatoa dirhamu mbili akavichukua. Dirhamu moja ikanunua chakula cha familia, na ya pili ikanunua shoka, na yule bwana akatumwa kukata kuni akajitegemea.

Tuangalie mnada ule ulivyokuwa. Bidhaa ilikuwa mbele ya macho ya wanunuzi. Tandiko lilikuwa limetumika, nalo lilionekana limetumika. Aliyeongeza dirhamu ya pili alikitaka kitu kile, naye alilipa.

NAJSHI NI NINI?

Mtume huyo huyo s.a.w. aliyenadi kwa mkono wake alikataza najshi, na makatazo hayo yamo katika Bukhari na Muslim kwa mapokezi ya Ibn Umar r.a. Najshi ni mtu kuongeza bei ya bidhaa hali hana nia ya kuinunua, ila ataka mwingine aghurike. Wanazuoni wa lugha wameeleza kwamba asili ya neno hili ni kumfurusha mnyama kutoka mafichoni ili mwindaji ampate. Ni mfano wa kweli kabisa, kwani mnunuzi hudhani anashindana na mnunuzi mwenzake, kumbe anafukuzwa kuelekea mtegoni.

Sahaba Abdullah bin Abi Aufa r.a. alimhesabu mwenye kufanya najshi kuwa ni mla riba na mhaini. Si muuzaji peke yake anayeingia humo. Aliyetoa dau la uongo kwa ajili ya ndugu yake, hata kama hakupata senti moja, ndiye aliyemfurusha mnyama.

NAMNA INAVYOFANYIKA LEO

Katika minada mingi ya intaneti mnunuzi huuambia mtambo kikomo chake kwa siri, nao humwongezea dau kidogo kidogo pale tu anapopata mshindani. Tuseme umeipenda rupia ya fedha, ukaweka kikomo cha pauni 200. Mnunuzi mwingine wa kweli amefika pauni 90 na kuacha. Ilikuwa uipate kwa pauni chache tu zaidi ya 90. Lakini mtu wa muuzaji anaingia kwa jina la kubuni: anaweka 120, mtambo unajibu kwa niaba yako, anaweka 150, kisha 180, halafu ananyamaza. Unashinda kwa pauni 180 na ushei, na huenda ukafurahi. Zile pauni 90 za ziada hazikutokana na soko wala na ubora wa sarafu. Zimechukuliwa kwa hila.

Na ikiwa amekosea hesabu akavuka kikomo chako, muuzaji hukuandikia baada ya siku mbili kwamba mshindi ameshindwa kulipa, na kwamba sarafu ni yako kwa dau lako la mwisho. Sasa umelipa hadi senti ya mwisho uliyokuwa tayari kuitoa.

Hata sheria za kidunia zimeliona jambo hili kuwa wizi. Mnamo Mei 2000, wakili mmoja wa California alinadi picha ya kuchorwa katika soko la eBay, akiacha watu waamini kwamba huenda ni kazi ya mchoraji mashuhuri Richard Diebenkorn. Dau likapanda hadi dola 135,805. Ilipogunduliwa kwamba yeye mwenyewe alikuwa ametoa dau kwa jina jingine, mauzo yakafutwa, na mwaka 2001 akakiri kosa mbele ya mahakama. Nchini Uingereza, mwaka 2010, mahakama ya Bradford ilimhukumu mtu aliyejipandishia dau bidhaa zake mwenyewe kufanya kazi za jamii kwa saa 250, pamoja na kulipa fedha.

PICHA INAYOSEMA UONGO

Huenda mtu akauliza, kuna ubaya gani kuipendezesha picha? Jibu ni kwamba katika biashara ya sarafu kongwe, sura ya sarafu ndiyo bei yake. Wakusanyaji hupima hali ya sarafu kwa kipimo cha Sheldon, kuanzia 1 hadi 70, na katika sarafu adimu tofauti ya daraja moja tu yaweza kuongeza bei mara kadhaa. Mkwaruzo mdogo hushusha thamani. Sarafu iliyosuguliwa ikang'aa hushuka pia, ingawa macho ya asiyejua huidhania ndiyo bora.

Chukueni mfano wa sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo, iliyopigwa Tabora mwaka 1916 wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Zilipigwa elfu 16 na ushei tu, na hadi leo hutafutwa na wakusanyaji wa Ulaya na Marekani. Kwa sababu hiyo za bandia zimekuwa nyingi. Au dola ya fedha ya Marekani ya mwaka 1893 iliyopigwa San Francisco, ambayo idadi yake ilikuwa 100,000. Hiyo hutambulishwa na herufi ndogo S upande wa nyuma, na wako walaghai waliobandika herufi hiyo juu ya dola za kawaida. Mnunuzi aliye mbali hana kitu cha kumwongoza ila picha. Ikitiwa ukungu mahali pa herufi ile, au mwanga mkali ukafuta mkwaruzo, au rangi ikakolezwa hadi fedha iliyofifia ikaonekana ina rangi za upinde wa mvua, basi mnunuzi amefungwa macho.

Hapa tunakumbuka kisa kilichomo katika Sahihi Muslim. Mtume s.a.w. alipita sokoni penye rundo la nafaka, akaingiza mkono wake ndani, vidole vikapata umajimaji. Mwenye mali akajitetea kwamba ni mvua. Mtume s.a.w. akamwuliza kwa nini hakuiweka juu iliyolowa ili watu waione, kisha akatamka kwamba mwenye kudanganya hayumo katika watu wake. Yule mfanyabiashara hakuwa amesema neno la uongo. Alipanga tu rundo lake, ikavu juu na iliyolowa chini. Binamu wa kijana wetu naye alipanga rundo lake kwa kompyuta.

Lakini tusikaze pasipokazwa. Kuongeza mwanga ili picha ifanane na sarafu ilivyo si kosa. Kipimo ni hiki: mnunuzi atakapoishika sarafu mkononi, je, ataona kile alichokiona katika picha?

LA KUFANYA

Enyi mnaonunua, zitazameni dalili. Mshindani ambaye akaunti yake ni mpya, anayetoa madau katika bidhaa za muuzaji mmoja tu, anayepandisha mara nyingi wala hashindi, au anayeondoa dau lake dakika za mwisho, ni wa kutiliwa shaka. Ombeni picha za pande zote mbili na za ukingo. Wekeni kikomo chenu kwa kuijua bei, si kwa hamaki ya kushindwa.

Enyi mnaouza, ikiwa mnaogopa mali kwenda kwa bei ya kutupa, njia ya halali ipo: tajeni wazi bei ya chini kabisa mnayoikubali. Andikeni kasoro kabla hamjaulizwa. Hakim bin Hizam r.a. amesimulia kutoka kwa Mtume s.a.w. kwamba muuzaji na mnunuzi wakisema kweli na kubainisha, biashara yao hubarikiwa. Na wakificha, baraka hufutwa.

Na wewe kijana uliyetuandikia, jibu letu ni kwamba sehemu ya fedha hizo si yako. Wanazuoni wamehitilafiana kama mauzo ya najshi yanabatilika au yanasimama. Lakini dhambi yake hawakuhitilafiana, na wengi wamempa mnunuzi aliyedanganywa haki ya kurudisha. Toba ya haki ya Mwenyezi Mungu ni kujuta na kuacha. Toba ya haki ya waja haikamiliki mpaka haki irudi kwa mwenyewe. Kumbukumbu za mnada zipo. Tazama dau la mwisho la mnunuzi wa kweli, na kila kilichozidi mkirudishe. Waliodanganywa kwa picha, waambieni ukweli na muwape hiari ya kurudisha sarafu.

Ndugu wapenzi, kijana huyo ametuandikia tena. Amewaandikia wanunuzi wote saba, na binamu yake amechangia malipo. Watano wamekwisha kurudishiwa. Mmoja wao alirudisha na sarafu pia. Wawili hawajajibu, na haki yao bado iko shingoni mwa vijana wetu, nao wanaendelea kuwatafuta. Tumewashauri wasikate tamaa upesi na kukimbilia kuitoa sadaka, maana mwenye mali yu hai na jina lake linajulikana.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awasahilishie, azitakase chumo zetu, na atujaalie bidhaa yetu iwe juu kama ilivyo chini. Amin.

Wassalaam alaikum warahmatullahi wabarakatuh.